Mhariri na Shahidi wa Pili

Mhariri wetu hakunywa chai aliyomiminiwa na mtu mwingine. Alikuja kazini na chupa yake, akaifungua mwenyewe, akamimina mwenyewe, na kabla ya kunywa alikinusa kikombe. Mgeni angedhani ni kiburi cha uzee. Sisi tuliofanya naye kazi katika kile kituo kidogo cha redio mjini Jeddah tulijua kwamba chai ilikuwa jambo dogo sana kati ya yale aliyoyashuku. Alishuku saa ya ukutani. Alishuku mashine ya teleksi, akisema inatema tu, haifikiri. Samaki wa sokoni Balad hakumnunua mpaka amfunue mashavu kwa vidole vyake. Sisi wafanyakazi alitushuku sote, kila mtu kwa kipimo chake, na sisi tulimlipa kwa sarafu ile ile.

Jina lake sitalitaja. Hata pale kazini halikutumika, aliitwa Mhariri, na sisi wanafunzi wake tukimsemesha tulimwita Mwalimu.

Niliingia pale nikiwa msichana, miaka ile ya neema ya mafuta, Jeddah ikijengwa kwa pupa hata mtu akisafiri kidogo akirudi haoni njia ya kwao. Meli za saruji zilijaa bandarini zikingoja zamu ya kushusha. Kituo kilitaka watu wenye Kiarabu na Kiswahili vyote viwili, nami nilikuwa navyo. Wazee wangu walihama Unguja baada ya mapinduzi nikiwa mtoto. Kiarabu nilikipata shuleni Jeddah, Kiswahili nilikipata kwa mama. Baba alinikubalia kwa shingo upande, tena kwa sharti kwamba basi la kazini, lile lenye mapazia, linichukue mlangoni na linirudishe mlangoni.

Siku yangu ya kwanza Mhariri alinipa habari ya Kiarabu, sentensi moja ndefu iliyojaa vyeo na dua, na mwisho kabisa, kama mtu aliyesahau, ikasema kuna mkataba wa bandari umetiwa saini. Nikaifasiri neno kwa neno, nikajisifu moyoni. Mhariri akageuza kiti chake, akaelekea ukutani, akasema, "Soma." Wengine walisema anageuka kwa kuwa mimi ni mwanamke. Baadaye niliona huwafanyia hivyo wanaume pia. Hakutaka kuiona karatasi wala uso, alitaka sauti peke yake.

Sikufika nusu, akainua mkono.

"Unamsomea nani?"

"Wasikilizaji, Mwalimu."

"Wasikilizaji hawapo. Yupo mwanamke mmoja. Yuko Pangani huko, au Lamu, kakaa juu ya mbuzi anakuna nazi, na mtoto analia. Sikio moja kampa mtoto, moja ndo lako. Haya, mwambie kulikoni kabla nazi haijesha."

Nikaandika upya. Akainua mkono. Nikaandika tena. Ilipofika adhuhuri habari yangu ilikuwa mistari mitatu: nani, kafanya nini, wapi. Vyeo nilivitupa chini kabisa, na Mhariri alivikubali huko kwa kuwa vilikuwa lazima. Sijawahi kukuna nazi tangu siku hiyo bila kumfikiria.

Kusoma hewani ndiko kulikokuwa na mateso zaidi. Alitufanya tusome habari ya kifo cha watu na habari ya kiwanda kipya kwa pumzi ile ile, huku yeye kaelekea ukutani. Ukitia huzuni sautini alikukatiza. "Usimlilie mtu," alisema. "Mpe habari, atalia mwenyewe akitaka." Jambo jingine alilolikemea ni sauti inayojua mwisho wa habari kabla ya msikilizaji, alisema hiyo ni sawa na mpishi anayekula chakula cha wageni jikoni.

Lakini sheria yake kubwa ilikuwa ya mashahidi. Ndoa haiwi ndoa bila mashahidi wawili, alisema, na habari ni hivyo hivyo. Uje na jambo, atakuuliza, "Nani kakwambia?" Ukimtaja, atauliza, "Na nani mwengine?" Neno "inasemekana" alilipiga marufuku. "Inasemekana na nani? Mlete hapa nimwone." Na kulikuwa na methali moja ambayo ukiitamka mbele yake unajitafutia balaa, nayo ni ile ya lisemwalo lipo, kama halipo laja. Aliichukia methali hiyo kama mtu anavyomchukia jirani. Watu wangapi, alisema, wamefungwa na wamehama makwao kwa sababu ya lisemwalo! Sisi wa Unguja tulinyamaza, maana kila mmoja alikuwa na wa kwake aliyepatwa na hayo.

Sasa mzee huyo huyo, aliyeikataza "inasemekana" studio, alikuwa hodari wa umbea kupita wanawake wa arusini. Asubuhi anakuegemea mlangoni, anateremsha sauti: "Nimesikia mkurugenzi karudi kutoka safari na gari mpya." Ukimwuliza, "Nani mwengine kakwambia, Mwalimu?" anacheka mpaka machozi, kisha anakununia hadi jioni.

Televisheni hakuipenda. Kila msimu wa hija walikuja kutuomba msomaji wa taarifa fupi kwa mahujaji wa Afrika Mashariki, na kila mara walimchukua Athman. Athman alikuwa kijana wa Mombasa, amekuja kwa mkataba, kafili wake, yaani mdhamini wake, ni kituo chenyewe. Ndiye aliyesoma taarifa kuu ya jioni, na sauti yake ilikuwa nzuri, hapana ubishi. Na kwa sura, wale wapiga taipu wetu walijua zaidi kuliko mimi. Mara ya kwanza alipotokea kwenye kioo, Mhariri alivua kichwani kitambaa chake cha ghutra akaifunika televisheni, akasikiliza bila kuona. Athman aliporudi alikuta hukumu inamngoja.

"Nyusi zako," Mhariri akamwambia. "Nimezisikia mpaka hapa."

"Mwalimu, nyusi hazisikiki!"

"Zako zasikika. Habari ya maji umeisoma kwa nyusi za harusi."

Athman akacheka, akaichukua chupa ya chai ya Mhariri, akammiminia. Tukatazamana. Mhariri alikinusa kikombe, kisha akanywa. Ni Athman peke yake niliyepata kumwona akimiminia mzee yule chai ikanyweka.

Hayo ndiyo mazuri. Kulikuwa na mengine. Kila Alhamisi Mhariri alipanda juu kwa mkurugenzi, mlango ukafungwa, akakaa huko muda mrefu. Kisha siku chache baadaye utasikia mkataba wa fulani hautaongezwa. Si kila mara, lakini mara za kutosha. Mpiga taipu wetu mmoja, mwanamke wa Unguja mwenye ulimi wa wembe, alikuwa akimwona anapanda ngazi ananong'ona, "Kikulacho ki nguoni mwako." Nami niliamini. Nilipunguza maneno mbele yake, nikawa napima hata salamu. Lakini baba yangu alipolazwa hospitalini, mzee huyo huyo alikuja kila siku, akachukua chupa za dawa moja moja akazisoma, na daktari akisema jambo, Mhariri anatoka kwenda kumtafuta daktari wa pili. Baba alimpenda sana. Mimi nilikuwa nasimama kando ya kitanda nikijiuliza mtu huyu anatafuta nini kwetu.

Kama alituchongea huko juu au alikuwa akitutetea, mpaka leo sijui. Ninalolijua ni la mwezi.

Kila mtu wa pwani anajua mwezi wa Idi ulivyo na maneno. Huku wameuona, kule hawakuuona, msikiti huu unakula, ule umefunga, ndugu wa tumbo moja wanasali Idi siku mbili mbali mbali. Kwa hiyo sauti yetu ya Jeddah ilikuwa na uzito. Wapo waliongoja tuseme sisi ndipo wale Idi. Mhariri alilijua hilo, na sheria ilikuwa moja: hapana neno la mwezi hewani mpaka mahkama itangaze.

Jioni ya Ramadhani ishirini na tisa, mwaka mmoja, Mhariri alikuwa Riyadh kwa shughuli za ikama yake, kibali cha kukaa nchini. Athman alikuwa kwenye zamu. Mimi nilikuwa nyumbani, tumekwisha kufuturu, baba ana tende mkononi na redio iko mezani. Athman akasoma habari ya kwanza: mwezi wa Shawwali umeonekana Riyadh, kesho ni sikukuu ya Idi.

Baba akaiweka tende chini. "Hapa mizinga ya Idi haijapigwa," akasema. "Nyinyi mnawaambia watu Idi?"

Tukatoka uani tukasikiliza. Kimya. Jeddah nzima ilikuwa kimya, hapana mzinga wala takbira. Baadaye, matangazo yetu yakiwa yameshafungwa, mahkama ikatangaza kwamba hakupatikana wa kuushuhudia mwezi, watu wakamilishe thelathini. Na kule kwetu, Unguja, Mombasa, Tanga, waliotusikia walikuwa wameshapiga ngoma. Kesho yake wao walikula pilau, na Makka yenyewe imefunga. Aibu iliyoje! Shangazi zangu Unguja walilipa siku ile huku wakitulaani.

Mkurugenzi alimwita Athman akamwuliza nani kampa habari. Athman akasema alipigiwa simu kutoka Riyadh. Nani? Akasema hawezi kumtaja. Akaulizwa tena, kwa upole, kisha bila upole. Hakumtaja. Basi wakasema kaibuni mwenyewe. Kafili akishasema halas, basi yamekwisha. Ikama ikafutwa, Athman na mke wake, mjamzito, wakapanda ndege kabla hata ya wengine wetu kumaliza kuvaa nguo za Idi.

Mhariri alirudi kutoka Riyadh, akaketi, akamimina chai yake. Kisha mbele ya watu wote akatangaza, "Taarifa kuu ya jioni, kuanzia leo, atasoma Zuhura."

Zuhura ni mimi. Hapo ndipo shaka, ambayo ilikuwa juu ya mzee peke yake, iliponigeukia. Nani aliyekuwa Riyadh? Mhariri. Nani aliyepata kiti? Mwanafunzi wa Mhariri. Walipanga! Mpiga taipu wetu aliniambia usoni, "Shoga, kiti hicho bado kina joto la mwenyewe." Hakuna aliyenikatalia salamu, lakini nilipoingia chumbani mazungumzo yalibadilika. Nami nilipoketi mbele ya kipaza sauti kila jioni, nilijiuliza neno moja tu: nimekalia haki yangu, au nimekalia mtego aliotegewa mwenzangu? Nilisoma vizuri. Nilisoma vizuri kwa hasira, na Mhariri akiwa kaelekea ukutani hakuinua mkono tena hata mara moja. Kumwuliza nilishindwa. Alikuwa mkubwa wangu, na nilihofia jibu lenyewe.

Miaka ikapita. Mhariri akastaafu, akahamia Riyadh kwa binti yake, mimi nikaolewa, nikaacha kazi. Msimu mmoja dada yake Athman alikuja kuhiji, akanipa namba ya simu ya duka la kaka yake huko Mombasa. Nikaitia mkobani. Muda si mrefu mume wangu akapata safari ya kazi Riyadh, nikafuatana naye, na jioni moja akanishusha mtaa wa Malaz mbele ya jengo la fleti, nikapanda ngazi kumwona mwalimu wangu.

Alikuwa amechakaa. Jicho moja lilikuwa na mtoto wa jicho, jeupe, na jingine lilinitazama kama zamani, kwa kunipima. Binti yake akatukaribisha sebuleni kisha akaenda jikoni kupika kahawa. Tukaulizana hali, ya watoto, ya Unguja, ya nani kafa. Kisha nikasema nililolijia.

"Mwalimu, jioni ile ya mwezi. Alompigia Athman simu ni wewe?"

"Nani kakwambia?"

"Hapana alonambia. Nakuuliza wewe."

Alivuta vuta kitambaa cha kiti. "Ni mie," akasema.

"Ulitaka kumtega?"

"Kumtega!" Alishtuka kweli, kwa hilo nilimwamini. "Niliuona, Zuhura. Wallahi niliuona. Nilikuwa nimefikia kwa binti yangu, niko juu, kwenye dari ya nyumba hii hii. Mwembamba, umekaa chini kabisa, na kabla sijamwita mtu ukazama."

"Uliuona peke yako."

"Peke yangu."

"Na mahkamani hukwenda kushuhudia?"

"Nikaseme nini? Mwezi wa Idi hautoki kwa shahidi mmoja. Wangeniuliza nani mwengine kauona." Akapangusa lile jicho lake jeupe. "Nikaona hapa hawatonipokea. Lakini kwetu wataniamini. Nikapiga simu kazini. Athman akaniuliza, 'Mwalimu, shahidi wa pili yupo?' Nikamwambia yupo. Nikamwambia mahkama itatangaza sasa hivi, wewe soma."

Nilimtazama mzee huyu aliyetufanya tuandike upya mpaka vidole viume, kwa ajili ya shahidi wa pili.

"Na Athman kwa nini hakukutaja?"

"Nilimfundisha mwenyewe. Mtu akikupa habari kwa amana, humtaji, hata ukifukuzwa. Somo hilo wewe nilikuwa sijakufikisha."

"Nawe ukamwacha aende."

"Nilikuwa na wanangu ndani na ikama moja. Nikasema kesho ntapanda kwa mkurugenzi nimwambie. Kesho ilipofika, kijana kashapanda ndege."

"Basi mimi ukanipa kiti kwa nini? Ulijua watu watasema nini juu yangu?"

"Nilijua." Akageuza lile jicho zima kwangu. "Athman aliniamini, mwanangu. Wewe ungenambia, 'Mwalimu, tungoje mizinga.' Nilitaka pale mtu asiyeniamini."

Nilikasirika. Miaka yote ile nilibeba maneno ya watu kwa kosa la mtu mmoja, na sasa mtu huyo ananisifia ubaya wa moyo wangu kana kwamba ni zawadi. Nilitoa namba mkobani, nikavuta simu iliyokuwa juu ya meza ndogo, nikapiga Mombasa, na ilipoanza kulia nikamtia mkono wa simu kiganjani.

"Mwambie mwenyewe."

Aliiweka sikioni. Chumba kilikuwa kimya, na kutoka pale nilipokaa niliisikia wazi ile sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisahau: "Hallo? Hallo, nani mwenzangu?" Mhariri alifumbua mdomo. Kisha akaurudisha mkono wa simu mahali pake, polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

"Mafi," akasema. "Hapana mtu."

Sikubishana naye. Nikapiga tena, safari hii nikaishika mwenyewe.

"Athman? Ni Zuhura. Tulokuwa pamoja Jeddah."

"Zuhura wa taarifa ya habari!" Akacheka, na kicheko kilikuwa kile kile. "Hebu! Wewe huna haja ya kujitambulisha kwangu. Nalikuwa nikikusikiza kila jioni hapa dukani, na mama watoto huko nyumbani. Nalikuwa nikimwambia, kiti kimepata mwenyewe."

Machozi yalinitoka pale pale. Nilijipangusa kwa upindo wa buibui kabla sijaweza kusema.

"Athman, nipo Riyadh. Nimekaa na mtu alokupigia simu jioni ile. Kanieleza mwenyewe yote."

Kicheko kikakoma. Nilisikia mteja akiuliza kitu huko dukani, na Athman hakumjibu.

"Mimi sijui wamsema nani, dadangu," akasema mwishowe. "Mimi sijataja mtu. Huyo uliyekaa naye mpe salamu zangu nyingi, na umwambie hivo: Athman hajataja mtu, hata leo."

Nikamwambia. Mhariri akajifunika uso kwa viganja vyake na mabega yakaanza kumtikisika, na binti yake, aliyekuwa anaingia na sinia ya kahawa, akasimama mlangoni akaniuliza nimemfanya nini baba yake.